Sifa za Kabati Dogo

Mtu anayesifiwa ofisini kwa kupendeza mara nyingi ana nguo chache kuliko anayemsifu. Jumatatu amevaa suruali ya kijivu na shati jeupe. Jumatano suruali ni ileile, ila juu kuna blauzi ya zambarau na koti la bluu nzito. Alhamisi koti lilelile linarudi, safari hii juu ya gauni. Wenzake wanaona kila siku amebadilisha. Yeye anajua kwamba vipande vyake vyote anaweza kuvibeba kwa mkono mmoja, na kwamba karibu kila kimoja kilipita kwa fundi kabla hakijaingia kabatini. Kukusanya nguo chache zinazoelewana ni ufundi, na sehemu kubwa ya sifa zake inamstahili mtu ambaye jina lake haliandikwi kwenye lebo yoyote: fundi cherehani wa kupunguza, kuachia na kugeuza.

Wenzetu wa Ulaya na Marekani wana historia yao ya jambo hili. Miaka ya 1970 Susie Faux, mwenye duka la nguo London, alikuwa akiwashauri wateja wake wanunue vipande vichache vilivyoshonwa vizuri badala ya rundo la nguo za msimu. Mwaka 1985 Donna Karan wa New York akatoa mkusanyo wa vipande saba kwa ajili ya mwanamke wa ofisini, vya kuvaliwa kwa kubadilishana asubuhi hadi usiku. Tangu hapo magazeti hayachoki kutoa orodha za nguo za lazima, na katika orodha hizo halikosi kuwamo koti la mvua la rangi ya mchanga na sweta la shingo ndefu. Kwa mkazi wa Dar es Salaam au Mombasa sweta la shingo ndefu ni adhabu. Lakini kosa kubwa la orodha hizo naliona kwingine. Zinadhani nguo hununuliwa ikiwa imekamilika, yaani unalipa, unavaa, basi.

Nasi tulikuwa na yetu. Mwanamume wa pwani mwenye kanzu kadhaa, koti moja la heshima na kofia amekwisha kujitosheleza: anakwenda nazo ofisini, harusini na msibani, na hakuna atakayemwambia amerudia nguo. Huku bara kulikuwa na suti ya Kaunda, iliyopewa jina la rais wa kwanza wa Zambia: koti la mikono mifupi na suruali ya kitambaa kilekile, bila tai, bila shati la ndani. Ni jibu la akili kwa joto letu. Koti linavaliwa na suruali nyingine, suruali inavaliwa na shati, na mtu anabaki nadhifu. Rais William Ruto aliirudishia umaarufu, na bado Novemba 2023 Spika Moses Wetang'ula akaipiga marufuku katika Bunge la Taifa la Kenya, akataka koti, kola, tai na shati la mikono mirefu. Nina maoni yangu kuhusu tai katika nchi iliyokatwa na Ikweta, lakini tuendelee.

Mfanyakazi wa Dar hukutana na hali za hewa mbili kwa siku moja. Asubuhi amesimama kwenye mwendokasi kutoka Kimara, kifua kwa mgongo na watu wasiomjua, jasho likitafuta njia. Saa moja baadaye yuko Posta, ghorofa ya juu, chini ya kiyoyozi kilichowekwa na mtu anayechukia binadamu. Nguo yake lazima istahimili yote mawili, kwa hiyo kabla ya rangi na mtindo, kitambaa. Poliesta haikunjamani, na ndiyo maana maduka yanaipenda, lakini inafungia joto na harufu mwilini. Pamba inapumua ila ikifika kazini imekunjamana. Kitani kinapumua kuliko pamba na kukunjamana kuliko pamba, na mwenye kukivaa hana budi kuikubali mikunjo yake kama sehemu ya vazi. Mshangao ni sufu nyepesi, ile inayofumwa kwa nyuzi nyembamba kwa ajili ya suti za nchi za joto. Watu wakisikia sufu wanawaza blanketi la Makete. Kumbe sufu hunyonya unyevu hadi karibu theluthi ya uzito wake kabla mvaaji hajahisi ubichi, na ukiitundika usiku mmoja mikunjo mingi hujinyoosha yenyewe.

Lebo ikiwa imekatwa, kama inavyokuwa mara nyingi kwenye mtumba, fundi ana njia yake. Anachomoa uzi kutoka kwenye akiba ya mshono kwa ndani na kuuwashia kiberiti. Ukinuka nywele zilizoungua na kusagika ukiuminya, ni sufu. Ukinuka karatasi na kuacha jivu laini, ni pamba au kitani. Ukijikunyata, ukayeyuka na kuacha kijidonge kigumu cheusi, ni poliesta, hata kama muuzaji ameapa kwa jina la mama yake. Michanganyiko hutoa majibu mchanganyiko, na hapo ndipo uzoefu wa pua unapohitajika.

Nimetaja mtumba kwa sababu ndiko kabati dogo la wengi linakoanzia. Milango ya biashara ilipolegezwa katikati ya miaka ya 1980, baada ya miaka ya uhaba ambamo kupata kitambaa cha suruali kulihitaji foleni na kujuana, robota za nguo za ng'ambo zilimiminika. Viwanda vyetu, vikiwamo Urafiki kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China, vilikuwa na matatizo yake mengi, na mtumba ukaongeza. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuuondoa mtumba hatua kwa hatua hadi 2019. Marekani ikakumbusha kwamba soko lake lina masharti, wengine wakalegeza, Rwanda ikashikilia ushuru wake na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu ya kuuza nguo huko bila ushuru. Siwezi kuusifu mtumba kwa moyo mweupe. Ila naona ulichowafanyia mafundi: uliwanyang'anya wateja wa kushonewa shati jipya, kisha ukawaletea mlima wa nguo zilizokatwa kwa miili ya watu wengine. Ustadi mpya ukazaliwa hapo.

Ukiwa Karume pale Ilala, au Gikomba jijini Nairobi, nguo ya ofisini huchaguliwa kwa mpangilio usiobadilika. Kwenye koti, bega kwanza. Mshono wa bega ukiishia pale mfupa wako unapoishia, mengine yote yana dawa. Ukining'inia nje ya mfupa, rudisha koti, hata liwe la sufu safi na kwa bei ya chai. Kurekebisha bega ni kung'oa mkono, bitana na pedi, kukata upya na kurudisha vyote bila koti kugundua, na fundi mwaminifu atakwambia hapana. Kwenye suruali na sketi, nyonga kwanza. Nguo ikipita vizuri kwenye nyonga, kiuno kinapunguzika. Ikibana nyonga, igeuze uone ndani ina akiba kiasi gani. Suruali nyingi za kiume za zamani zina akiba nzuri kwenye mshono wa nyuma. Zile za siku hizi za bei rahisi hazina kitu, mwenye kiwanda amekwisha kuila.

Sasa kwa fundi. Anayeshona nguo mpya ana uhuru: kitambaa kizima, chaki, vipimo vyako. Anayerekebisha anakuta maamuzi yamekwisha kufanywa na mtu wa mbali aliyekata kwa ajili ya mwili asioufahamu. Anatakiwa abishane na mtu huyo bila kuacha alama ya ugomvi. Mimi naiona kazi hii kuwa ngumu kuliko ile ya kwanza, na inasikitisha kwamba hulipwa kama kibarua cha pembeni, "nipunguzie hapa kidogo tu."

Chukua tatizo ambalo wanawake wengi wa kwetu wanalijua: suruali inayokaa vizuri nyonga na mapaja, halafu kiunoni nyuma inaachia nafasi ya kupitisha ngumi. Fundi mvivu hubana pembeni mwa mkanda kwa mishono miwili, na suruali inakuwa na masikio. Fundi anayejua hufungua mkanda wa kiunoni nyuma, huondoa kishikio cha katikati, hupunguza kwenye mshono wa kati akianza na upana anaoutaka juu na kuumaliza kwa mteremko mrefu unaokufa taratibu kwenye makalio, kisha hukata mkanda, huuunga na kuficha kiungo chini ya kishikio kilekile. Ana mpaka wake pia. Akipunguza kupita kiasi, mifuko ya nyuma itasogeleana na mishono ya pembeni itavutwa nyuma, na hapo kila mtu ataona kwamba kuna mkono umepita. Ikifikia hivyo hugawa kazi, kidogo nyuma, kidogo pembeni.

Kabla ya cherehani, bandi. Mishono hii mirefu ya mkono, ya kushikiza kwa muda, ndiyo inayomtenga fundi na mbabaishaji. Unavaa nguo ikiwa na bandi, na fundi mzuri hakuruhusu usimame tu mbele ya kioo umebana tumbo. Keti. Inua mkono kana kwamba umeshika bomba la daladala. Panda ngazi ya baraza lake. Vaa viatu utakavyovaa kazini, kwa sababu upindo wa suruali hupimwa juu ya kiatu, si juu ya ndala. Upindo wenyewe, kwa suruali ya ofisini, hushonwa kwa mkono, sindano ikichota uzi mmoja au miwili tu ya kitambaa ili nje pasionekane kitu. Ukiona mstari wa cherehani unazunguka chini ya suruali ya suti, mtu alikuwa na haraka.

Hesabu ya kabati dogo ni tamu karatasini. Vya chini vinne na vya juu sita vinatoa mavazi 24. Ongeza makoti mawili, yenye kuvaliwa au kuachwa, unafika 72. Hesabu hiyo inasimama tu endapo kila cha juu kinakubaliana na kila cha chini. Weka sketi moja ya maua inayokubali blauzi moja pekee, na zile 24 zinashuka hadi 19. Kwa hiyo kila kinachotaka kuingia kiulizwe kitakaa na nani. Vya chini viwe vya rangi tulivu: kijivu, bluu nzito, kahawia. Nyeusi, ambayo kila mshauri huanza nayo, mimi naiogopa katika jua letu. Hupauka, moja ikielekea ukahawia na nyingine ukijani, na koti jeusi juu ya suruali nyeusi ya kiwanda kingine hufichua tofauti hiyo mchana kweupe. Kijivu husamehe. Kitenge nacho kina nafasi yake, tena si ya Ijumaa peke yake, ilimradi uanze na rangi ya ardhi yake. Kitenge chenye ardhi ya bluu nzito, kikafuliwa kabla ya kukatwa kisije kikaruka baadaye, kikashonwa koti fupi ambalo michoro yake inakutana vizuri kwenye mshono wa kati, huvalika na nusu ya kabati.

Utunzaji ni mfupi kuusimulia. Anika ndani nje, kivulini. Piga pasi sufu na poliesta juu ya kitambaa cha pamba kilicholoweshwa kidogo, la sivyo magoti na makalio yatang'aa na mng'ao huo hautoki. Na shati jeupe, kola yake ikianza kuchanika pale shingo inaposugua, usilitupe. Kuna mafundi wazee ambao bado wanajua kuifumua kola, kuigeuza upande wa chini ukawa juu, na kuirudisha kwenye mshono uleule. Wapo wachache, na vijana wanaotoka vyuoni hawafundishwi kwa sababu hakuna anayeomba. Shati linapata maisha ya pili ofisini. Kola haigeuzwi mara mbili.

Kuhusu malipo, watu hushangaa fundi akitaja bei inayolingana na ile waliyonunulia koti sokoni, kana kwamba koti hilo ndilo lililowapendezesha. Lipa. Siku ya kuchukua nguo ivae palepale, keti, simama, inua mkono. Kama mgongoni bado kuna mkunjo chini ya kola, mwambie kabla hujaondoka. Fundi mzuri hatanuna. Atakuomba ugeuke, ataweka pini mbili, na kukwambia upitie Jumamosi baada ya saa sita.