Terminali Bandia: Kazi Iliyotoka Mikononi mwa Programu

Ukifungua dirisha la terminali kwenye Linux na kuandika amri, sheli inayoipokea haijui kwamba hakuna mashine halisi mbele yake. Inaona kifaa chenye kila tabia ya terminali: herufi zinatokea kwenye skrini zinapoandikwa, kitufe cha kufuta kinafuta, Ctrl-C inakatiza programu iliyokuwa ikiendelea. Kifaa hicho ni terminali bandia, jozi ya ncha mbili inayoundwa na kerneli. Ncha ya usimamizi inashikwa na programu kama xterm, tmux au sshd. Ncha ya terminali inakabidhiwa sheli. Kinachoandikwa upande mmoja kinatokea upande wa pili baada ya kupita kwenye kanuni za terminali zilizomo ndani ya kerneli yenyewe.

Nywila unazoandika ukiwa umeingia seva ya mbali kwa ssh zinapita humo, pamoja na kila amri ya msimamizi wa mfumo. Ndiyo maana swali la nani anaruhusiwa kufungua ncha ya terminali ni swali zito la usalama. Kwa miaka mingi mifumo ya Unix ililijibu vibaya. Waandishi wa programu walikuwa hodari. Kosa lilikuwa kwenye mgawanyo wa kazi. Programu za kawaida zilitwishwa jukumu la kugawa umiliki wa terminali, na jukumu hilo hakuna anayeweza kulitimiza kwa usalama isipokuwa kerneli.

Katika 4.2BSD, iliyotoka 1983, terminali bandia zilikuwa faili zilizoandaliwa mapema ndani ya /dev. Ncha ya usimamizi iliitwa /dev/ptyp0 na mwenzake /dev/ttyp0, kisha ptyp1 na ttyp1, na kuendelea. Majina hayo yalipotumiwa yote, herufi 16 mara tarakimu 16 za heksadesimali, yalitosha jozi 256. Programu iliyohitaji terminali ilizijaribu moja baada ya nyingine: ikikataliwa ptyp0 inajaribu ptyp1, mpaka ipate iliyo huru. Ncha ya usimamizi haikukubali kufunguliwa mara mbili kwa wakati mmoja, kwa hiyo upande huo ulikuwa na kinga. Upande wa terminali haukuwa nayo.

Faili za ttyp kwa kawaida zilikuwa mali ya root zikiwa na ruhusa 666, yaani mtumiaji yeyote wa mashine angeweza kuzisoma na kuziandikia. Programu iliyoendeshwa na root, kama rlogind, ilibadilisha mmiliki na ruhusa kabla ya kumkaribisha mtumiaji. Programu isiyo na mamlaka hayo haikuweza kubadilisha chochote, na kikao chake kiliendelea huku mlango ukiwa wazi kwa kila mtu. Hata rlogind haikuwa salama, kwa sababu Unix hukagua ruhusa wakati wa kufungua faili tu. Ukishapata deskripta, yaani namba ya kufikia faili iliyofunguliwa, mabadiliko ya ruhusa yanayofuata hayakuhusu. Mshambuliaji alifungua jozi kabla ya wengine, akaachia ncha ya usimamizi, akabaki na mchakato wa nyuma ulioshikilia ncha ya terminali. Mtumiaji mwingine alipopewa jozi hiyo, alikuwa kama mgeni anayepewa chumba cha gesti huku mpangaji wa jana akibaki na nakala ya ufunguo. Mchakato ule uligombania herufi na sheli, na nywila zilizoandikwa zikaangukia mikono isiyostahili.

Tiba sahihi ilikuwa kuwa na wito wa kerneli unaobatilisha deskripta zote za zamani za terminali fulani. BSD ilipata wito wa revoke kwa ajili hiyo, lakini si kila Unix iliufuata, na programu iliyotakiwa kuendeshwa kwenye mashine za makampuni mengi haikuweza kuutegemea. Njia iliyobaki ilikuwa kuifanya programu nzima iwe setuid root: mtumiaji wa kawaida anaianzisha, nayo inafanya kazi kwa mamlaka ya root ili ibadilishe mmiliki wa terminali na kuandika jina la mtumiaji kwenye utmp, orodha ya walioingia mfumoni.

Gharama ya njia hiyo ilikuwa kubwa. Xterm huchora herufi, hupokea kibodi na panya, hutafsiri mfuatano wa vidhibiti kutoka programu yoyote, na iliweza pia kuhifadhi kikao kwenye faili la kumbukumbu. Hakuna kati ya hayo kinachohitaji mamlaka ya root. Kazi ya kumpa mtumiaji umiliki wa terminali inamalizika kwa mistari michache ya C. Hata hivyo programu yote ilibeba mamlaka hayo. Mwaka 1993 kituo cha CERT cha Marekani kilitoa tahadhari kuhusu xterm: kwenye mashine ilipowekwa ikiwa setuid au setgid, kipengele chake cha kuhifadhi kikao kiliweza kutumiwa kuunda au kubadilisha faili ambazo mtumiaji hakuwa na haki nazo.

Kulikuwa na wazo bora zaidi, nalo ni kuitenga kazi yenye mamlaka. Daniel J. Bernstein, mwandishi wa qmail, alitengeneza ptyget kwa msingi huo: programu ndogo inayoshughulikia tofauti za kila mfumo na kuitafutia terminali programu nyingine yoyote inayoihitaji, ili programu hiyo ibaki bila mamlaka. Udogo ndio uliokuwa ulinzi wake, maana msimbo mfupi unaweza kusomwa wote na mtu mmoja hadi mwisho.

System V ilielekea hukohuko kwa njia yake. Badala ya kupekua majina, programu inafungua kifaa kimoja, /dev/ptmx, na kerneli inaunda jozi mpya papo hapo. Kisha unaita grantpt ili umiliki urekebishwe, unlockpt ili ncha ya terminali ifunguke, na ptsname ili ujue jina lake. Kufuli la unlockpt lina maana yake: hakuna awezaye kuifungua ncha ya terminali kabla umiliki haujatengenezwa, kwa hiyo lile pengo la BSD linazibwa. Mpangilio huu uliingia kwenye viwango vya Unix miaka ya 1990, na mwaka 2001 POSIX ikaongeza posix_openpt ili programu isilazimike kulijua hata jina la /dev/ptmx.

Ila viwango hivyo vina sharti moja ambalo wengi hulipita bila kulitazama. POSIX inasema matokeo ya grantpt hayatabiriki iwapo programu imeweka kishughulikiaji cha ishara ya SIGCHLD. Kwa nini wito wa kurekebisha ruhusa ujali ishara ya kufa kwa mchakato mtoto? Ni kwa sababu ndani ya grantpt kulikuwa na fork: maktaba ilianzisha programu ndogo ya setuid root, pt_chmod kwenye System V na pt_chown kwenye glibc, iliyofanya ile kazi ya zamani ya kubadilisha mmiliki (chown). Kazi ilikuwa imehamishiwa kwenye maktaba, bado haijafika kwenye kerneli.

Kwenye Linux ilifika kupitia devpts, mfumo wa faili uliokuja na kerneli 2.2 mwaka 1999. Mchakato unapofungua /dev/ptmx, kerneli inaunda faili jipya ndani ya /dev/pts, tayari likiwa na mmiliki sahihi na ruhusa sahihi, na jozi inapofungwa faili hilo linatoweka. Hakuna kitambo ambacho terminali inakuwa mali ya mtu asiyestahili. Kuanzia hapo pt_chown haikuwa na kazi pale devpts ilipowekwa vizuri, lakini iliendelea kukaa kwenye diski ikiwa na mamlaka ya root. Mwaka 2013 ilionekana kwamba pt_chown iliamini jibu la deskripta iliyopewa bila kuhakikisha kwamba kweli ni terminali bandia. Mtumiaji aliyetengeneza mfumo wa faili wa FUSE aliweza kuifanya imkabidhi terminali ya mtu mwingine. Udhaifu huo uliitwa CVE-2013-2207, na glibc 2.18 ikaacha kuijenga pt_chown isipoombwa rasmi. Nalitazama tukio hili kama ushahidi ulio wazi kuliko wote: msaidizi aliyebaki na mamlaka baada ya kazi yake kuisha akawa ndiye tundu.

Kwa anayeandika programu leo, njia inayokubalika kwenye mifumo mingi ni hii. Ita posix_openpt kwa O_RDWR na O_NOCTTY, halafu grantpt, unlockpt na ptsname. Fanya fork. Mtoto aite setsid kujitenga na kikao cha zamani, afungue ncha ya terminali, aifanye terminali tawala ya kikao chake, ainakili juu ya deskripta 0, 1 na 2, afunge nyingine zote, kisha aite exec. Usiiache grantpt hata pale ambapo haifanyi kitu, kwa maana kuna mifumo ambako bado inafanya.

Ugumu wa kuhamisha programu kutoka mfumo mmoja hadi mwingine unaanzia kwa mtoto. Kwenye mifumo ya ukoo wa System V, kiongozi wa kikao akifungua terminali ya kwanza, hiyo inakuwa terminali tawala yake moja kwa moja. Kwenye BSD ni lazima aiombe kwa ioctl ya TIOCSCTTY. Fanya yote mawili. Kwenye Solaris utahitaji pia kusukuma moduli za ptem na ldterm kabla kifaa hakijaanza kutenda kama terminali. Forkpty ya BSD inakufanyia sehemu kubwa ya haya, lakini hata tamko lake limetawanyika: Linux inaliweka kwenye pty.h, FreeBSD kwenye libutil.h, OpenBSD na macOS kwenye util.h.

Kuna tofauti nyingine inayowapotezea watu muda. Sheli ikimaliza kazi na ncha zote za terminali zikafungwa, kusoma kwenye ncha ya usimamizi kunarudisha sifuri kwenye mifumo ya BSD, yaani mwisho wa faili. Linux inarudisha kosa la EIO. Programu iliyojaribiwa upande mmoja tu huishia kutangaza hitilafu kila mtumiaji anapoandika exit. Chukulia EIO hapo kuwa mwisho wa kawaida.

Deskripta zinazovuja ni hatari kubwa zaidi. Mtoto akirithi ncha ya usimamizi, yake au ya kikao kingine, anaweza kusoma yasiyomhusu, na terminali haitakatika hata mzazi akifa kwa sababu bado kuna aliyeishikilia. Weka FD_CLOEXEC mara tu unapoipata deskripta. OpenSSH inaonyesha namna nzuri ya kushughulika na deskripta kwa makusudi: tangu 2002 mchakato mdogo wenye mamlaka ndio unaopata terminali, nao unaipitisha deskripta kupitia soketi ya Unix kwa mchakato usio na mamlaka, ambao ndio unaozungumza na mtandao.

Majina nayo hayaaminiki ndani ya kontena. Tangu Linux 4.7 kila devpts inayopachikwa inajitegemea, kwa hiyo /dev/pts/3 ya kontena na /dev/pts/3 ya mashine mama ni vitu viwili tofauti. Programu ya nje ikichukua jina lililotoka kwa ptsname na kulifungua, inaweza kuingia terminali ya mtu mwingine kabisa. Linux 4.13, ya 2017, ilileta TIOCGPTPEER, inayofungua ncha ya terminali moja kwa moja kutoka deskripta ya ncha ya usimamizi bila kupitia jina.

TIOCSTI nayo ni ya kuogopwa. Ioctl hii inasukuma herufi kwenye terminali kana kwamba zimeandikwa kwenye kibodi. Root akitumia su kuendesha programu ya mtumiaji mdogo kwenye terminali yake mwenyewe, programu hiyo inaweza kusukuma amri na kutoka, na sheli ya root ikazitekeleza. OpenBSD iliiondoa mwaka 2017. Linux 6.2, ya 2023, iliruhusu izimwe, na mwaka huohuo sudo 1.9.14 ilianza kuipa kila amri terminali bandia yake bila kusubiri kuagizwa. Tiba zote mbili zinahitajika, maana mashine nyingi bado zina kerneli za zamani.

Tukirudi kwenye setuid, habari haijaisha. Januari 2017 iligunduliwa kwamba GNU screen 4.5.0 ilifungua faili la kumbukumbu la kikao kwa mamlaka kamili ya root pale ilipokuwa setuid, na mtumiaji wa kawaida akaweza kuwa root. Ni kosa la ukoo mmoja na lile la xterm, miaka 24 baadaye. Mei 2025 wakaguzi wa usalama wa SUSE walitangaza matundu mapya: screen 5.0.0 ilikuwa na kosa la aina ileile kwenye kufungua upya faili la kumbukumbu. Kwa muda mfupi, wakati wa kujiunga na kikao cha watumiaji wengi, screen iliipa terminali ya mtumiaji ruhusa 666. Na toleo hilo la 5.0.0 liliunda terminali zenye ruhusa 622, zinazoandikika na yeyote. Ruhusa ambazo kerneli ilikuwa imeshazipanga vizuri zilivurugwa na programu iliyoendelea kujipa kazi isiyokuwa yake tena. Tmux hutoa huduma karibu hizohizo bila setuid yoyote, na matundu ya namna hii hayana pa kuingilia.

Kama unasimamia seva, angalia kwanza jinsi devpts ilivyopachikwa: ruhusa ya 620 na kundi la tty ndiyo mpangilio wa kawaida. Kisha tafuta programu zenye setuid, na ukikuta screen au pt_chown miongoni mwao, ivue alama hiyo. Kama unaandika programu inayohitaji terminali bandia na mtu akakuambia iwekwe setuid root ili ifanye kazi, kataa. Kerneli za leo haziihitaji.