"Kaimu Tu": Sentensi Zetu Darasani na Wanawake Walioongoza

Hivi karibuni nilialikwa kusikiliza mashindano ya ufasaha wa Kiswahili katika shule moja ya Kanyosha, kusini mwa jiji la Bujumbura. Swali mojawapo lilikuwa hili: "Mwanamke wa kwanza kuongoza nchi barani Afrika ni nani?" Mwanafunzi alijibu bila kusita: "Ni Ellen Johnson Sirleaf wa Liberia." Akapigiwa makofi na kupewa alama zote. Kisarufi sentensi yake haikuwa na dosari. Kimaana ilikuwa na kosa kubwa, na kosa hilo linatuhusu sisi Warundi kuliko watu wengine.

Bi. Sirleaf alishinda uchaguzi mwaka 2005 na kuapishwa Januari 2006. Yeye ndiye mwanamke wa kwanza Afrika kuchaguliwa na wananchi kuwa rais, na heshima hiyo ni yake. Lakini neno "kuchaguliwa" likiachwa, wanawake wengine wanaachwa nalo. Zauditu alikuwa malkia wa Ethiopia tangu 1916 hadi 1930. Carmen Pereira alikaimu urais wa Guinea-Bissau kwa siku chache mwezi Mei 1984. Hata Liberia yenyewe iliongozwa na Ruth Perry, mwenyekiti wa Baraza la Taifa, mwaka 1996 hadi 1997.

Na hapa kwetu alikuwapo Sylvie Kinigi. Mtaalamu huyu wa uchumi, aliyewahi kufanya kazi Benki Kuu, aliteuliwa na Rais Melchior Ndadaye kuwa Waziri Mkuu mwezi Julai 1993. Alikuwa mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo Burundi. Tarehe 21 Oktoba mwaka huohuo wanajeshi walimwua Rais Ndadaye. Spika wa Bunge, Pontien Karibwami, aliyepaswa kushika nafasi yake kwa mujibu wa katiba, naye aliuawa. Bi. Kinigi na baadhi ya mawaziri walikimbilia ubalozi wa Ufaransa, na yeye akawa kiongozi wa serikali iliyobaki. Aliiongoza nchi katika miezi ya mauaji na hofu mpaka Cyprien Ntaryamira alipoapishwa kuwa rais tarehe 5 Februari 1994.

Nilipoyataja haya baada ya mashindano, mwenzangu mmoja alinijibu: "Yule alikuwa kaimu tu." Sisi walimu wa lugha tuitazame kauli hiyo kwa makini. Neno "kaimu" halina ubaya wowote. Humtaja mtu anayetekeleza kazi za cheo ambacho mwenyewe hayupo. Kinachopunguza hadhi ni hilo "tu". Ni kweli kwamba Bi. Kinigi hakuchaguliwa kuwa rais. Lakini swali halikuuliza nani alichaguliwa. Liliuliza nani aliongoza.

Wapo pia wasemao kwamba aliteuliwa kwa sababu ya kuwa mwanamke na mwanachama wa UPRONA, ili kuleta uwiano katika serikali ya FRODEBU. Huenda. Lakini katika siasa za Burundi wanaume wangapi wameteuliwa kwa ajili ya uwiano wa vyama na makabila? Mbona hao hatuwaulizi kama walistahili?

Kirundi kina methali isemayo kuwa mtetea hauwiki jogoo akiwapo. Kiswahili nacho humsifu mtu kwa "kujikaza kiume", na mwanamke jasiri tukamwita "jikedume", kana kwamba ushujaa ameuazima. Hata hivyo lugha yetu ina sifa moja njema: kiambishi "a-" katika "aliongoza" hakibagui mwanamume na mwanamke. Anayebagua ni msomaji, ambaye akisoma "aliongoza" humwona mwanamume mpaka aambiwe vinginevyo. Kwa hiyo tusiisingizie sarufi. Kosa liko katika mifano tunayoichagua na maneno tunayoyaacha.

Kwa walimu na wanafunzi wa Idara yetu, nina mapendekezo mawili. Kwanza, kila tunapotunga swali lenye maneno "wa kwanza", tuulize: wa kwanza kufanya nini hasa? Tukiandike kitenzi hicho. Pili, tunapotoa insha kuhusu "shujaa wa taifa letu", tutaje walau jina moja la mwanamke miongoni mwa mifano, kwa maana wanafunzi huandika wanachokisikia kwetu.

Tangu 2019 uwanja wa ndege wa Bujumbura una jina la Melchior Ndadaye, na anastahili. Kwa ajili ya Waziri Mkuu wake hatuombi uwanja wa ndege. Tuanze na sentensi iliyo sahihi, darasani, kule Kanyosha na kwingineko.