«Rafiki» na daftari la michango

Wandugu, watu wengi wanaongea juu ya filamu Rafiki bila kuiangalia. Wanajua tu kwamba ni «ile ya wasichana wawili» na kwamba Kenya iliikataza. Mimi niliiangalia yote hapa Kabondo, kwenye simu, mara mbili. Nilisoma kilimo, si sinema, kwa hiyo mtanisamehe nikikosa maneno ya wafundi. Lakini naona ile filamu inatugusa sana sisi tuliopita kwenye mutuele za wanafunzi, juu inauliza swali moja ambalo tunalikimbia: mwenzenu akisemwa, bado ni mwenzenu?

Hadithi ni fupi. Kena na Ziki wanakaa mtaa mmoja Nairobi. Baba zao wanapigania kiti kimoja katika uchaguzi. Kena anacheza mpira na vijana wa kiume, na anafikiri atakuwa muuguzi. Ziki anamuuliza kwa nini asiwe daktari. Wanapendana. Siku wanajulikana, kundi la watu linawapiga, wanafikishwa polisi, wazazi wanakuja kuwachukua. Mama wa Kena anampeleka kanisani aombewe. Ziki anatumwa London.

Wale wanaosema hii ni mambo ya Wazungu, wajue kwamba mwongozaji ni Wanuri Kahiu, mwanamke wa Kenya, na kwamba alianzia kwa «Jambula Tree», hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, iliyopata tuzo ya Caine mwaka 2007. Mwaka 2018 Rafiki ikawa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa Cannes. Mwezi wa 4 mwaka ule ule, bodi ya filamu ya Kenya ikaikataza. Kahiu alieleza kwamba bodi ilitaka abadilishe mwisho, juu ulikuwa na tumaini. Mwezi wa 9, jaji Wilfrida Okwany aliruhusu watu wazima waione kwa siku 7. Watu walijaa kwenye sinema za Nairobi.

Nguvu yake, kwangu mimi, iko katika mtaa. Mama Atim wa kibanda cha chakula anajua kila kitu mbele ya wenyewe. Sisi wa Kisangani tunamjua huyu mama, hata kama jina lake hapa ni lingine. Na wale wanaopiga si majambazi waliotoka mbali. Ni majirani, watu ambao Kena anawasalimia kila asubuhi. Filamu haiwatukani. Inawaonyesha tu, na inatuacha tuone sura zetu.

Kasoro yake naiona kwa vijana wa mpira. Kena anacheza nao, anacheka nao, wanamhesabu kama mmoja wao. Na wakati ule ule, kijana mmoja wa mtaa anapopita, anatukanwa kwamba ni shoga, na Kena iko pale anasikia. Katika kundi lake mwenyewe anajifunza bei ya kujulikana. Hapo palikuwa na filamu nzima. Lakini Kahiu anapenda zaidi mapenzi ya wawili, rangi nzuri na muziki, na wale vijana wanabaki pembeni. Ningetaka kuona siku ya kwanza Kena anarudi kiwanjani. Nani anamrushia mpira? Nani anaangalia chini? Mapenzi ni ya watu wawili, lakini kundi ni la wote, na kundi njo linalomsaidia mtu kuishi.

Kenya yenyewe iliendelea na hili swali, lakini mahakamani. Eric Gitari aliomba kuandikisha shirika la kutetea haki za mashoga na wasagaji. Mwaka 2013 bodi ya mashirika ikakataa hata jina. Kesi ikapanda miaka kumi. Tarehe 24 mwezi wa 2 mwaka 2023, Mahakama ya Juu ikaamua, majaji 3 kwa 2, kwamba kumnyima mtu haki ya kuungana na wenzake juu ya vile alivyo ni ubaguzi. Muangalie vizuri: vifungu 162 na 165 vya sheria ya adhabu ya Kenya, vinavyotumiwa kuadhibu vitendo vyenyewe, bado viko. Majaji hawakuvigusa. Walisema tu kwamba haki ya chama haiondoki hata hivyo.

Sasa tugeuke kwetu. Sheria ya adhabu ya Kongo haina kifungu kinachosema kuwa shoga ni kosa. Kuna kifungu cha 176 juu ya aibu mbele ya watu, ambacho kinaweza kutumiwa kumtisha mtu. Katiba ya 2006, kifungu cha 40, inasema ndoa ni ya mume na mke. Na kifungu cha 37 kinatupa wote uhuru wa kuunda vyama. Kwa hiyo Kenya, sheria inakataza kitendo lakini mahakama inalinda chama. Kongo, sheria haikatazi, lakini chama chenyewe kinafukuza. Tumekuwa wakali kuliko Leta.

Nasema tumekuwa, juu nimeona. Katika mutuele moja ambayo sitaitaja, mwanafunzi mmoja alisemwa. Hakuna aliyemkuta na mtu. Ilikuwa namna yake ya kuongea, na rafiki mmoja aliyekuja kumtembelea mara nyingi. Asubuhi moja jina lake halikuwa tena kwenye grupu. Hakukuwa mkutano, hakukuwa kura. Miezi kisha, mama yake akafariki. Mutuele haikuenda matanga, haikutuma hata kilo moja ya muchele. Lakini katika daftari michango yake ilikuwa pale, miaka mitatu, mwezi kwa mwezi, na sahihi ya mtunza feza. Katika mkutano niliuliza ni kifungu gani cha katiba yetu kilitumika. Prezida akanijibu kwa heshima: «Yaya, mambo mengine hayaandikwi.»

Hiyo sentensi njo inaniogopesha. Leo haijaandikwa juu ya huyu. Kesho haitaandikwa juu ya mwenye ugonjwa, juu ya msichana aliyepata mimba, juu ya yule ambaye kabila la mama yake halitupendezi.

Watu watajibu kwa dini. Sawa, lakini mutuele si kanisa. Ndani yake kuna Wakatoliki, Wakimbangu, Waislamu, watu wa uamsho, na siku ya kumpokea bleu hatukumuuliza anasali wapi. Anayeamini kwamba ni zambi aendelee kuamini. Walevi tunawazika, wenye bibi wa pembeni tunawachangia, na hakuna aliyesema kwamba kwa kufanya hivyo tunasifu pombe ao uzinzi.

Wengine watasema si utamaduni wetu. Basi tuongee utamaduni. Ule ubatizo wa mableu tunaoupenda, kunyolewa kichwa, kuimba usiku, kumuita mkubwa «poil», ulitoka kwa wanafunzi wa Ubelgiji, ukaingia Kongo na Lovanium, chuo kilichofunguliwa 1954 kama mtoto wa Louvain. Huo tuliukubali bila kuuliza pasipoti yake. Ila kumchangia mfiwa, huo ni wa babu zetu kweli. Tumelinda cha Wabelgiji, tukatupa cha wazee.

Sisemi mtu asimame katikati ya mkutano ajitangaze. Kisangani inaweza kumfanya apoteze chumba, kazi na familia kwa siku moja. Na sisemi wote wafikiri kama mimi. Naomba kitu kidogo, kinachoweza kuingia katika katiba ya kila mutuele kwenye mkutano unaokuja: mwanachama anaondolewa kwa kosa lililoandikwa tu, kisha kusikilizwa, kwa kura, na aliyechanga anachangiwa, mpaka siku aliyoondolewa kwa njia hiyo.

Rafiki inaisha na tumaini, na hilo njo liliiudhi bodi. Sisi hatuna haja ya sinema kwa kuanza. Mtunza feza afungue daftari, asome majina, na kila jina lililolipa lipate matanga yake.