Kinyozi Huyu Ananyoa Chuma!

Jamani, jamani, jamani! Ndiyo kwanza nimeingia ndani, viatu sijavua, masikio bado yanalia ziiii, nywele zimejaa vipande vya nazi (usiulize, nitafika huko), na siwezi kukaa, siwezi kunywa maji, siwezi chochote kabla sijakwambia: nimemshika Kinyozi! Nimemshika kwa mikono yangu hii, nimemwendesha, nimemtuma akapige na akapiga, tena akapiga vibaya, vibaya sana! Roboti ya kupigana, rafiki yangu. Ya kweli, yenye silaha inayozunguka mpaka huioni, imeundwa uani huku Buguruni, kati ya kamba ya nguo na banda la kuku, na vijana wawili wenye tupa, msumeno wa chuma na wazimu wa aina ile ninayoipenda mno. Na bado!

Kwanza ni kadogo! Nilikwenda nikitarajia dude la kubebwa na watu wanne, nikapewa kitu kinachokaa kwenye viganja viwili. Hakafiki hata kilo moja na nusu. Wanaounda roboti hizi duniani huliita daraja hilo la mbawakawa, na chini yake kuna la chungu, hebu fikiria. Lakini udogo wenyewe ni wa uongo mtupu. Ukikapokea, mkono unashuka. Kazito, kagumu, ka baridi, kamejaa kona, na hapo mbele limesimama wima gurudumu la chuma lenye meno mawili, linakutazama. Nikapitisha kidole taratibu kwenye jino moja, pini ya kulifunga ikiwa mahali pake, na mwili wote ukanisisimka.

Sasa ngoja nikwambie kametengenezwa na nini, maana hapa ndipo nilipopiga kelele. Mwili ni kibao cha kukatia mboga! Kile kile cheupe cha plastiki, cha jikoni; ukikageuza chini unaona alama za kisu bado ziko. Nikadhani ni ubunifu wa kukosa hela, kumbe wajuzi wa Ulaya na Marekani nao wanakitumia miaka nenda miaka rudi, kwa sababu plastiki ile haipasuki ovyo. Inabonyea, inameza kipigo, inaendelea na kazi. Mota za kutembelea zimechomolewa ndani ya bisibisi za betri za Kariakoo ambazo betri zake zilishakufa, gia zikabaki hai. Mota ya silaha ni ya droni iliyoanguka. Gurudumu lenyewe limekatwa kwa mafundi wa Gerezani kutoka kwenye springi bapa ya lori, chuma ambacho wahunzi wetu hupenda kukifulia mapanga kwa kuwa ni kigumu na bado kinanesa badala ya kukatika. Na tairi... tairi, mwenzangu, ni ndala! Soli za kandambili zilizokatwa duara! Nyepesi, laini, zinang'ang'ania sakafu, na zikipigwa kinatoka kipande tu, roboti inaendelea kuchechemea kumfuata adui. Moja ya bluu, nyingine ya pinki. Nilitaka kulia kwa furaha.

Volti na ampea kamuulize fundi. Mimi nimekuletea habari za vidole na masikio.

Kizimba kwanza, maana bila kizimba huo si mchezo tena, ni msiba. Fremu ya chuma, sakafu ya mbao, kuta na paa za polikaboneti nene, ile plastiki angavu ambayo watu huezekea vibaraza. Si kioo, wala si akriliki; akriliki ikigongwa na kipande cha chuma inavunjika vipande vyenye ncha kali, hii inapokea pigo na kubaki na kovu. Na makovu yapo! Kuta zimejaa! Nikayapapasa moja moja nikiwa kwa nje, mengine marefu, mengine vishimo vidogo vidogo, mpaka yule kijana mkubwa akacheka, "Dada, umekuja kucheza au kupiga ramli?"

Halafu kuna ule utaratibu wao, ambao ulinipa kiherehere kuliko filamu yoyote. Tairi zikiwa zimeinuliwa hewani na silaha imefungwa kwa pini, kijana anawasha kila kitu, anazungusha tairi, kisha anazima rimoti makusudi. Kila kitu lazima kife hapo hapo. Kikafa! Akawasha tena, kikafufuka! Roboti inayoendelea kutembea baada ya rimoti kuzimwa haichezi, hapa wala popote. Ndipo Kinyozi akaingizwa kizimbani, pini ikachomolewa mwisho kabisa, mkono ukatoka haraka, mlango ukafungwa, komeo likaingia. Moyo wangu wakati huo, sijui ulikuwa wapi.

Ti-ti-tiii! Kakaimba! Nauliza spika iko wapi, wananiambia hamna spika. Ni mota yenyewe, inatetemeshwa na umeme kidogo kidogo mpaka inatoa sauti. Mota inaimba, nakwambia, kabla ya kuua.

Nikapewa rimoti. Mimi! Nikasukuma kidole kidogo tu, vuuu. Nikaongeza, vuuuuiiiii! Meno yakapotea, ukabaki ukungu wa kijivu mbele ya kibao cheupe, na sakafu ikaanza kutetemeka, mtetemo ukapanda nyayoni, ukapita magotini, ukafika mpaka kwenye taya. Kuku wakanyamaza banda zima. Mbwa wa jirani akanyamaza. Yaani kuna woga mtamu, mtamu kweli kweli, wa kujua kuwa jambo lile kubwa linatoka kwenye kidole gumba chako.

Nikakata kona. Na hapa, rafiki yangu, ndipo Kinyozi aliponimaliza kabisa. Hakukata kona, alicheza! Tairi ya pinki ikanyanyuka, mwili ukainama ubavu, akasimama juu ya tairi moja huku silaha inaunguruma, akazunguka namna hiyo, polepole, kwa maringo, halafu akashuka. Nikapiga ukelele, nikajua kameharibika. Wapi! Umewahi kushika gurudumu la baiskeli kwa ekseli zake, mtu akalizungusha kwa nguvu, kisha ukajaribu kuliinamisha? Linakukatalia, linakusukuma pembeni. Basi ni hivyo hivyo. Kitu kinachozunguka kwa kasi hakitaki kugeuzwa uso, na roboti yenye silaha ya wima inaishi na ubishi huo kila ikipinda. Dereva anajifunza kubembeleza: anapunguza mzunguko kidogo, anapinda, anaongeza tena. Na unausikia ubishi wenyewe! Rimoti haitikisiki hata kidogo, lakini kidole kinajua kuwa kule ndani kuna kitu chenye tabia yake, kinajibu, kinagoma, kinakubali. Hili hulioni kwenye video hata utazame usiku kucha.

Tukaweka kopo la rangi. Nikapandisha silaha mpaka mwisho, nikamsogeza Kinyozi taratibu kwa heshima zote, na kikatokea nini? Cheche! Cheche nzuri ajabu, za rangi ya chungwa, tsssss, harufu ya chuma kilichoungua ikatoka mpaka nje, lakini kopo limekaa pale pale, limekwaruzwa tu. Kijana mdogo akasema kwa utulivu wa mzee wa baraza, "Punguza moto, dada, halafu mwendee mbio." Punguza? Nipunguze silaha ili ipige zaidi? Nikapunguza. Nikamwendea mbio.

PAAA!

Kopo likagonga paa, likagonga ukuta, likagonga paa tena, likaanguka limekunjwa katikati na tundu la kupitisha ngumi! Maelezo yake ni matamu sana: silaha ikienda kasi mno, jino moja likipita lingine limeshafika kabla shabaha haijaingia ndani ya nafasi iliyoachwa, kwa hiyo meno yanalamba tu. Ukiongeza mwendo wa kuingia na kupunguza mzunguko, jino linapata nyama, linashika, linanyanyua. Ndiyo maana gurudumu la Kinyozi lina meno mawili tu na wala si kumi. Tangu hapo sikushikika. Ingia, PAAA! Rudi, pandisha, ingia, PAAA! Kila pigo linakupiga na wewe kifuani. Na bado!

Nazi. Wazo la nani sijui, lakini nazi ikaletwa, kavu, nzima, ikaviringishwa mpaka katikati. Haikupasuka, ililipuka! Maji yakatapakaa ukutani, kifuu kikavunjika vipande kadhaa, na kwa kuwa mwenzio nilikimbilia kizimba kikifunguliwa ili nione kwa karibu (silaha imezimwa, pini imerudishwa, usiwe na wasiwasi), vipande vilivyokuwa vimenasa darini vikanidondokea kichwani. Watoto wa nyumba ile wakaokota vilivyokuwa safi wakala.

Kisha likaja karai, lile la kubebea zege, na nikacheka peke yangu kwa sababu karai lina historia kubwa katika mchezo huu kuliko watu wanavyodhani. Mashindano yaliyoutangaza mchezo huu yalianza San Francisco mwaka 1994. Aliyeyaanzisha, Marc Thorpe, alikuwa ametengeneza mifano midogo ya vitu kwa ajili ya filamu na wazo lilimjia akijaribu kuifanya mashine ya kufyonza vumbi iende kwa rimoti. Mwaka uliofuata Jamie Hyneman, yule ambaye baadaye tulimwona na Adam Savage kwenye kipindi cha televisheni cha MythBusters, akaja na Blendo: karai kubwa la kupikia la Kichina lililofunikwa kifudifudi, chini yake injini ya kukatia majani, karai zima linazunguka na vyuma pembeni. Likawa linarusha vipande vya wapinzani nje ya uwanja, mpaka waandaaji wakaona ni hatari kwa watazamaji na kuliomba litoke. Karai, mwenzangu! Basi hili la Buguruni halikuwa na bahati hiyo. Kopo lilikuwa limeshanyolewa mbele yake na lenyewe halikutia maji. Kinyozi alilitoa ukingo mzima, ukakunjuka, ukaning'inia, mlio wa kengele iliyopasuka ukabaki masikioni, huo huo unaolia mpaka sasa hivi.

Lakini bora kuliko vyote ni pambano, na mpinzani alikuwa Sinia. Sinia hana silaha. Ni bati zito lililolazwa mteremko mpaka linagusa sakafu, basi, na mota zenye nguvu nyuma yake. Nikamdharau, nani asingemdharau? Kijana mdogo akamleta moja kwa moja, shwaaa, bati likaingia chini ya Kinyozi, meno yakateleza juu yake bila kupata pa kushika, na Kinyozi wangu akapaa, akapinduka, akaanguka chali! Ukelele nilioutoa! Na hapo ndipo nikaona uzuri mwingine: tairi za ndala ni kubwa kuliko unene wa mwili, kwa hiyo yuko chali na anatembea vile vile! Ukibonyeza swichi silaha inazunguka kinyume, na anarudi vitani miguu juu, hana habari. Nikamzungusha, nikambembeleza kwenye kona, nikamkuta Sinia ubavu, mahali ambapo bati haliko, na PAAA! Tairi la Sinia likaruka mpaka kona ya pili, kikabaki kishungi cha waya na moshi mwembamba. Nikakumbatia watu nisiowajua.

Hata hivyo nitakwambia ukweli wangu: wote tunakwenda kuangalia silaha, ila dereva mzuri wa Sinia ataninyanyasa mchana kutwa. Kinyozi ni wa kusisimua, Sinia ni wa kuogopwa. Ingawa silaha ya wima si ya kubahatisha hata kidogo. Roboti Bite Force ya Marekani, iliyotwaa ubingwa wa mashindano ya BattleBots mwaka 2015, 2018 na 2019, ilichukua mara mbili za mwisho kwa silaha ya wima, tena huko roboti zinafika kilo 113. Kilo mia moja na kumi na tatu za hiki nilichokishika viganjani! Sitaki hata kuwaza mtetemo wake.

Na usidhani raha inaishia kizimbani. Betri ikatolewa ikakaguliwa kama imevimba, kisha ikaenda kuchajiwa mbali na nyumba, ndoo ya mchanga ikiwa karibu, kwa sababu betri hizi za lithiamu zikitobolewa au kuvimba huwaka moto mkali. Sisi tukakaa mkekani tukamfungua Kinyozi. Mota za moto kiasi cha kuchoma kidole, harufu ya waya na mpira ulioungua, kibao kimechanwa pembeni lakini kimeshika, bolti moja imepinda ikawa na umbo la koma. Mmoja anachomea waya kwa risasi, mwingine anakata ndala mpya, mimi nimeshika tochi ya simu na kuuliza maswali mfululizo. Tairi ndizo udhaifu, zinaliwa haraka mno. Ila bei yake unaijua, na ikikosekana dukani kuna miguu ya majirani.

Jumamosi wanacheza tena, na wewe unakuja, sitaki kusikia habari ya kuchoka. Vaa viatu vya kufunika vidole, miwani ya kukinga macho watakupa. Usije mikono mitupu: leta sufuria lililotoboka, pasi mbovu, birika la mama ambalo hataligundua. Ila nakwambia mapema, rimoti naanza mimi.