Ukungu Wenye Uso wa Mtoto

Nani aliamua kwamba hiki kimeoza na kile ni chakula? Sijaona kitabu cha mapishi kinachouliza swali hilo vizuri kama manga ya Moyashimon. Masayuki Ishikawa alianza kuitoa 2004. Mhusika wake mkuu, Sawaki, ni kijana wa chuo cha kilimo anayeona vijidudu kwa macho matupu, na kwao wanauza mbegu za ukungu wa koji. Ndiyo, ukungu unauzwa. Bila huo hakuna miso, hakuna sosi ya soya, hakuna sake.

Kiswahili chetu kinatubana hapa. Uji ukichacha tunafurahi, maharagwe ya juzi yakichacha tunamwaga, na kitenzi ni kilekile. Mjapani ana maneno mawili, hakko kwa chakula na fuhai kwa uozo. Lakini hata yeye hajaponyoka: herufi ya pili ya neno tofu maana yake ni kuoza, na tofu wala haijaoza.

Ishikawa anapenda kufundisha, si mchezo. Kuna kurasa zinazosomeka kama noti za Biolojia za kidato cha tatu, maneno yamejaa hadi wahusika wanakosa pa kusimama. Mimi sikuchoka. Unaelewa kwa nini mchele unapikwa kwa mvuke, unanyunyiziwa mbegu za ukungu, kisha unalazwa kama siku mbili kwenye chumba chenye joto na unyevu. Ukungu unatoa vimeng'enya vinavyokata wanga kuwa sukari na protini kuwa asidi za amino. Ile ladha nzito ya supu ya miso, inayokaa ulimini hata ukishameza, inatoka hapo.

Shida yangu ni nyuso. Aspergillus oryzae, yaani koji mwenyewe, amechorwa kama kichwa cha mviringo kinachotabasamu, kama mtoto aliyeshiba. Sasa, mwaka huohuo wa 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yenye aflatoksini. Sumu ile hutengenezwa na Aspergillus flavus, na koji ni ndugu yake wa karibu sana, aliyefugwa na watu kwa karne nyingi hadi akaacha sumu. Ni kweli manga ina vijidudu wabaya pia, lakini nao wanapendeza kuangalia, na msomaji anaondoka akidhani tofauti ya chakula na sumu ni tabia ya kijidudu. Wapi! Tofauti ni watu waliochagua mbegu kizazi baada ya kizazi, na mahindi yaliyokauka au yaliyowekwa na unyevu. Mikono hiyo Ishikawa anaipa nafasi ndogo mno. Sifa zote zinaenda kwa ukungu.

Mikono nimeiona kwingine, kwenye The Scent of Green Papaya, filamu ya Tran Anh Hung iliyoshinda Caméra d'Or kule Cannes 1993. Mui ni kijakazi wa miaka 10 huko Saigon ya 1951, na kamera haimwachi: anakata, anaosha, anachuchumaa jikoni. Lakini maze, jiko lile ni safi kupita kiasi. Filamu ilipigwa studio Ufaransa, na jina lake limechagua papai bichi, kitu kisichonuka. Saladi ya papai bichi bila nuoc mam ni majani tu. Nuoc mam ni dagaa wa baharini na chumvi, kule Phu Quoc kama sehemu tatu za samaki kwa moja ya chumvi, ndani ya mapipa makubwa ya mbao kwa karibu mwaka mzima. Chumvi inawafungia mlango vijidudu wabaya, samaki anajiyeyusha polepole. Harufu yake inakufuata hadi nje. Ningependa Mui apewe harufu hiyo, maana kazi yake ndiyo hiyo.

Kati ya hizo mbili bado nakuambia uanze na Moyashimon. Ukiwa na haraka kuna anime ya 2007, vipindi 11, wikendi moja imeisha. Manga nayo usiishike ukiwa unakula. Mwanzoni kabisa profesa anafukua sili aliyezikwa, tumbo limejaa ndege waliochachuka, na anawala akitabasamu.