Heko kwa Wapimaji wa Usikivu

Watafiti wa maabara za lugha wanastahili pongezi kwa jambo moja kubwa: hawaridhiki na mtu kusema amesikia kwa masikio yake mwenyewe. Mwaka 1970, Richard Warren wa Marekani alirekodi sentensi ya Kiingereza, akaikata "s" ya kwanza katika neno "legislatures", na mahali pake akaweka kikohozi. Kati ya wasikilizaji 20, 19 walisema hakuna sauti iliyokosekana; aliyebaki alitaja sauti nyingine kabisa. Hata kikohozi chenyewe hawakuweza kuonyesha kiliangukia wapi. Lakini pengo lilipoachwa kimya, walilitambua. Basi, ubongo haupokei maneno tu, huyajenga pia.

Yuko atakayesema huenda watu wale walikisia tu. Hoja ina uzito, na uzuri wa fani hii ni kuijibu kwa jaribio. Mwaka 1981, Arthur Samuel alilinganisha sauti iliyofunikwa na kelele na sauti iliyoondolewa kabisa, kelele ikawekwa badala yake. Wasikilizaji walipata shida zaidi kuzitofautisha ndani ya maneno halisi kuliko ndani ya maneno ya kubuni. Tofauti hiyo haielezwi na kukisia peke yake. Wengine hulalamika kwamba maabara si soko. Kweli, ila sokoni kelele, mazoea na sauti huja kwa pamoja, na hakuna ajuaye kipi kimefanya nini. Kuvitenganisha kwa subira ndiyo kazi inayostahili heko.