Usiniambie "Jaribu Tena"

Majuzi pale Kilindoni niliwatazama watu wazima wakiipigia makofi aplikesheni ya kulipia samaki. Rangi za bahari, papa potwe anayeogelea ukiifungua, duara linalozunguka kwa madaha. Mwasilishaji alitumia intaneti ya hoteli. Ukumbini nilinyamaza kwa adabu, hapa sinyamazi.

Kisiwani Jibondo, wanakounda mashua, mnunuzi anayejua huinama akakagua kalafati, ile pamba inayoziba nyufa za mbao. Rangi ataipaka mwenyewe. Kwenye programu ya malipo kalafati ni hii: nini hutokea mtandao ukikatika baada ya mtu kuingiza namba ya siri, kabla jibu halijarudi? Hapo ndipo hela za watu hupotelea, na hapo ndipo limbukeni asipotazama.

Programu mbovu husema, "Samahani, kuna hitilafu. Jaribu tena." Mchuuzi wa pweza anajaribu tena, na shilingi 80,000 zimeondoka mara mbili. Seva ilikwishapokea ombi la kwanza. Lililokwama njiani ni jibu tu. Programu iliyosukwa vizuri huupa muamala namba yake kabla haujatoka kwenye simu. Urudie mara kumi, seva inaitambua namba ileile na kujibu kwamba huu umeshalipwa. Na programu ikiwa haijui, hukiri: "Muamala wako unasubiri. Usitume tena." Maneno matano hayo nayathamini kuliko papa potwe wote wa kuchora.

Bwana aliyenifundisha kazi hakupokea programu mpaka aipandishe boti ya kuvuka kwenda Nyamisati. Mtandao ukianza kusinzia anatuma hela, anachomoa betri ya kitochi, anairudisha, anatazama salio. Akikuta limekatwa na ujumbe hakuna, anakurudishia simu bila kusema neno.

Kuna na wajanja. Mmoja programu yake iliandika "Imefanikiwa" papo hapo kidole kikigusa kitufe, seva haijajibu lolote. Akasifiwa kwa kasi! Muuzaji kashatoa pweza, hela haijafika, na wa kulaumiwa ni wakala.

Jina la mpokeaji lazima lije kabla ya namba ya siri. Matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" wanalijua hilo kuliko wasanifu wengi, ndiyo maana huongeza kwamba jina litakuja la fulani. Menyu ikizidi mistari sita ni uvivu. Na "ombi lako haliwezi kuchakatwa kwa sasa" siyo lugha ya kumwambia mtu aliyesimama juani na foleni nyuma yake.

M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya, kitochi kilitosha. Skrini ndogo, herufi za kuhesabu, hapakuwa na pa kufichia uzembe. Kila neno lilipimwa. Siku hizi wasanifu wanapima vivuli vya vitufe.

Mei 2024 ilitosha kuwafundisha. Tarehe 4 kimbunga Hidaya kikapiga pwani yetu; tarehe 12 nyaya za EASSy na Seacom zikakatika baharini, intaneti ikazorota nchi nzima. USSD, ile menyu ya kupiga nyota na namba, haihitaji intaneti. Kwa hiyo aplikesheni isiyo na menyu ya USSD ya kukimbilia siihesabu kuwa imekamilika, hata ikipewa tuzo.